Zamu, Tanuru na Gitaa: Muziki wa Baba wa Kiwandani Huko Midwest

Mtu akisikia kwamba kuna baba wa watoto watatu huko Ohio au Wisconsin anayefanya kazi kiwandani na Jumamosi anapiga gitaa baa, hudhani kinachomkwamisha asifike mbali ni kipaji. Kipaji anacho cha kumtosha. Kinachomkwamisha ni kalenda ya zamu, hewa kavu ya Januari, na masikio yaliyokwisha kuchoka kabla hajawasha amplifaya. Ukivijua vitu hivyo vitatu utaelewa kwa nini bendi yake hupiga mara moja kwa mwezi, kwa nini gitaa lake hulala ndani ya kesi wala halining'inizwi ukutani, na kwa nini nyimbo zake nyingi huimbwa nusu toni chini.

Midwest ni majimbo 12 ya katikati na kaskazini mwa Marekani, kuanzia Ohio na Michigan hadi Kansas, Nebraska na Dakota mbili. Muziki na viwanda huko vimelala kitanda kimoja muda mrefu. Gibson ilianzia Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902, na ikatengeneza magitaa hapo hadi kiwanda kilipofungwa 1984; waliokuwa wafanyakazi wake walianzisha kampuni ya magitaa ya Heritage mwaka 1985 ndani ya majengo yaleyale. Elkhart, Indiana, ni mji wa tarumbeta na saksofoni. Chicago ilikuwa na Harmony na Kay, magitaa ya watu wa kipato kidogo, ambayo mengine kampuni ya maduka ya Sears iliyauza kwa jina la Silvertone. Hata maikrofoni ya SM58 inayoonekana karibu kila jukwaa duniani ilitolewa na Shure ya Illinois mwaka 1966. Kwa hiyo fundi wa mashine anayepiga gitaa si kioja kule. Huenda babu yake ndiye aliyelipiga msasa.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoua bendi nyingi kuliko ugomvi.

Zamu za saa 8 ni tatu. Ya kwanza, saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ndiyo ya mwanamuziki: jioni ni yake. Ya pili, saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku, hula kila jioni ya wiki, ile saa ambayo wenzake wanafanya mazoezi na watoto wake wako macho. Ya tatu, saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, inawezekana kwa mazoezi, ila mwimbaji anayelala mchana huwa na sauti ya mtu aliyeamshwa. Tatizo ni kwamba zamu ya kwanza hupatikana kwa ukongwe kazini. Kijana mwenye miaka 25 na vidole vyepesi yuko zamu ya pili. Anapofika zamu ya kwanza ana miaka 40 na mgongo unaouma.

Viwanda vingi vinavyofanya kazi mchana na usiku bila kusimama hutumia zamu za saa 12 kwa mpango wa 2-2-3. Wiki ya kwanza: Jumatatu na Jumanne kazini, Jumatano na Alhamisi nyumbani, Ijumaa hadi Jumapili kazini. Wiki ya pili ni kinyume chake, yaani Jumatano na Alhamisi tu kazini, na Ijumaa hadi Jumapili ni huru. Ndani ya siku 14 anafanya zamu 7, jumla saa 84. Faida yake ni kwamba wikiendi huru zinajulikana mwaka mzima mapema: kila wiki ya pili, wikiendi 26 kwa mwaka. Mwenye bendi huchapisha kalenda hiyo Januari na kumpelekea mwenye baa ikiwa na tarehe zilizotiwa alama.

Lakini hapa pana mtego ambao bendi mpya huuona ikiwa imeshachelewa. Vikosi hupishana. Mpiga gitaa akiwa kikosi A na mpiga dramu kikosi B, wikiendi huru ya mmoja ndiyo wikiendi ya kazi ya mwingine, mwaka mzima, bila hata moja kugongana. Wanaweza kuwa wanakutana getini kila wiki na wasipige pamoja kamwe mpaka mmoja achukue likizo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mpiga dramu mpya ni yuko kikosi gani. Mapigo yake yatasikilizwa baadaye.

Toa sasa katika zile 26: wikiendi ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani), Krismasi, msimu wa kuwinda paa wa Novemba (Michigan hufungua msimu wa bunduki tarehe 15 Novemba, na siku hiyo usimtafute mpiga besi), mashindano ya watoto ya hoki au mpira wa kikapu, harusi na misiba. Kisha toa ovataimu. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, FLSA, inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, lakini haiweki kikomo cha saa kwa mtu mzima. Bosi anaweza kuagiza Jumamosi iwe ya kazi, na kinachoweza kumzuia ni mkataba wa chama cha wafanyakazi ukiwa na kifungu cha notisi. Mwanamuziki asome kifungu hicho neno kwa neno: notisi ni ya siku ngapi, na je, mtu anaweza kubadilishana zamu na mwenzake? Ukimaliza kutoa vyote, zinabaki wikiendi 12 hivi. Mara moja kwa mwezi. Bendi inayokubali hesabu hiyo mapema hudumu miaka 15; inayokubali kila mwaliko huvunjika mwaka wa pili, na mara nyingi ndoa ndiyo hupasuka kwanza.

Mazoezi ya nyumbani nayo ni ya dakika, si ya saa. Dakika 20 baada ya watoto kulala, siku tano kwa wiki, hushinda saa tatu za Jumapili, kwa sababu vidole husahau kila siku. Gitaa la umeme lisiunganishwe, au liunganishwe kwenye amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni. Dakika 5 za kwanza ni kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ya polepole. Dakika 10 ni zile ba nne (vipande vifupi vya mapigo) zinazoshindikana, si wimbo mzima. Tano za mwisho, wimbo mmoja kwa kuimba chinichini. Kosa la kawaida ni kupiga unachokijua tayari. Hilo ni burudani, na si baya, ila lisiitwe mazoezi.

Bendi yote ikikutana gerejini au kwenye chumba cha chini ya nyumba mara moja kwa wiki mbili, kazi ni mianzo na miisho. Wimbo haufi katikati. Unakufa pale ambapo wanne hawakubaliani nani anahesabu na nani anasimama. Kila mtu aje amejifunza sehemu yake. Saa mbili na nusu zinatosha kwa nyimbo mbili mpya na kunyoosha tano za zamani. Miji mingi huko hudai utulivu kuanzia saa 4 usiku, na mlango wa gereji ni bati jembamba tu.

Sasa baridi. Hapa ndipo magitaa ya mbao hufa, na hufa kimyakimya.

Hewa ya nje ikiwa digrii 15 za Selsiasi chini ya sifuri, hata iwe imeshiba mvuke kiasi gani, ikiingia ndani na kupashwa na tanuru la kupashia nyumba joto hadi digrii 20 hubaki na unyevu wa chini ya asilimia 10. Pumzi za watu, kupika na kuoga huupandisha, lakini nyumba nyingi Januari hukaa karibu na asilimia 20. Gitaa la akustika hutaka asilimia 45 hadi 55. Mbao hunywea kwa upana, chuma hakinywei. Dalili ya kwanza utaisikia kwa kiganja: ncha za freti, vile vyuma vidogo vilivyopita kwenye shingo, zinakwaruza pembeni mwake. Ya pili, uso wa gitaa unazama karibu na tundu, nyuzi zinashuka na kuanza kugonga freti. Ya tatu ni ufa unaofuata mshipa wa mbao, mara nyingi kati ya daraja (kibao kinachoshika nyuzi) na mkia wa gitaa, na hapo ni fundi tu.

Anayekosea hukimbilia kuzungusha chuma cha kunyooshea shingo mara tu nyuzi zinapogonga freti. Usifanye hivyo kwanza. Rudisha unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha pima: bana uzi mzito kwenye freti ya 1 na ya 14, tazama nafasi kwenye freti ya 7. Inchi 0.010, yaani robo milimita, unene wa uzi mwembamba kabisa wa seti nyepesi ya gitaa la umeme, ndiyo nafasi nzuri. Ikihitaji kurekebishwa, geuza moja ya nane ya mzunguko, subiri hadi kesho, pima tena.

Namna ya kurudisha unyevu ni rahisi na haigharimu. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu juu, weka sifongo iliyolowa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ikakamuliwa mpaka isidondoke, kiweke ndani ya kesi karibu na kichwa cha gitaa. Weka na kipima unyevu kidogo. Januari kagua kila siku tatu au nne. Maji ya bomba ya kule mengi yana chokaa, huigandisha sifongo. Kwa nini usiongeze unyevu nyumba nzima? Kwa sababu nje kukiwa digrii 18 chini ya sifuri, nyumba yenye asilimia 45 madirisha yake hutiririka maji, yakaganda, na fremu za mbao zikaoza. Kesi ni nyumba ndogo, lowesha hiyo. Na Mei itoe sifongo! Majira ya joto Iowa na Illinois hewa ni nzito, chumba cha chini hufika asilimia 70, gitaa huvimba tumbo nyuma ya daraja na nyuzi hupanda. Hapo kifaa cha kukausha hewa ndicho cha kuwashwa, na kesi isikae juu ya sakafu ya saruji.

Safari ya gari ni jambo jingine. Gitaa la zamani lenye vanishi ya laka likikaa kwenye buti ya gari usiku wa baridi, kisha kesi ikafunguliwa papo hapo ndani ya chumba chenye joto, vanishi hupasuka nyufa nyembamba kama kioo, na hakuna anayeweza kuzifuta. Kesi ifungwe, iwekwe mbali na tanuru, isubiri saa kadhaa. Baa haikupi saa kadhaa, kwa hiyo gitaa husafiri kwenye kiti cha nyuma pamoja na watu, penye joto. Buti ni ya spika na kebo. Hata hivyo nyuzi baridi zikipata joto la mikono na taa hulegea, sauti inashuka. Pangilia sauti ya gitaa dakika 20 baada ya kulitoa, si mara tu ulipofika. Amplifaya ya valvu (ile yenye bomba za kioo) nayo iachwe ikauke umande kabla ya kuwashwa.

Masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inapendekeza mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. OSHA, mamlaka ya usalama kazini yenye nguvu ya sheria, ni pole zaidi: 90 kwa saa 8, na nusu kwa kila desibeli 5, hivyo 100 inaruhusiwa saa 2. Kiwanda kinaweza kutii sheria kabisa huku masikio yakiharibika. Binafsi ningefuata NIOSH.

Piga hesabu ya usiku mmoja wa baa. Awamu 4 za dakika 45 ni saa 3. Jukwaa dogo lenye dramu kamili hufika desibeli 100 bila shida. Dakika 180 ukigawa kwa 15 unapata dozi 12 za siku, zote usiku mmoja. Vizibo vya masikio vya wanamuziki vinavyopunguza desibeli 15 vinakirudisha kiwango hadi 85, na saa 3 hapo ni chini ya nusu ya dozi. Vizibo vya namna hiyo, vinavyopunguza sauti nene na nyembamba karibu sawasawa, vilienezwa na Etymotic Research ya Elk Grove Village, Illinois. Vile vya povu vya kiwandani hula zaidi sauti za juu, mwimbaji hujisikia yuko ndani ya pipa, akavitoa wimbo wa tatu. Povu libaki kiwandani, na huko livaliwe sawasawa: lisokote jembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili ukiupitisha nyuma ya kichwa, ingiza, shikilia sekunde 30. Pakiti ikiandikwa kwamba vinapunguza desibeli 33, usiamini 33. Hesabu ya tahadhari ni kutoa 7 kisha kugawa kwa 2: unabaki na 13.

Kabla ya vizibo, inua amplifaya. Mpiga gitaa huongeza sauti kwa sababu spika inapulizia magoti yake na yeye anasikia kwa masikio. Iweke juu ya kiti, iinamishe imtazame usoni, na ataipunguza mwenyewe. Wati 15 za valvu zinatosha baa ya watu 80.

Mikono niipitie haraka. Mafuta ya mashine huua nyuzi kwa wiki moja. Osha kwa sabuni ya mchanga ya mafundi, kisha tena kwa sabuni ya kawaida, maana chembe za mchanga hubaki kwenye kucha na kukwaruza ubao wa shingo. Ncha za vidole zikipasuka kwa baridi, wengi huziba kwa tone la supaglu, likauke kabisa kabla ya kugusa uzi. Vifaa vinavyotetemesha, kama grainda na bunduki ya bolti, ni hatari ya kweli: vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi baada ya zamu, hilo ni la daktari, si la kunyoosha vidole na kuendelea. Nyuzi nyepesi si aibu. Anayetoka kushika chuma kwa saa 8 hana sababu ya kuweka seti nzito ya 13 kwa fahari.

Kisha baa yenyewe, au ukumbi wa VFW (chama cha maveterani wa vita), au karamu ya samaki ya Ijumaa huko Wisconsin, jimbo lililoifanya polka kuwa ngoma yake rasmi. Umeme ni volti 120. Saketi ya kawaida ya ampea 15 hubeba wati 1800, na kwa mzigo wa muda mrefu hesabu 1440. Spika mbili zenye amplifaya ndani, miksa na amplifaya mbili ndogo haziufikii mzigo huo, hata kama spika zimeandikwa wati 1000, kwa kuwa hiyo ni ya kilele. Kinachoangusha swichi ni oveni ya piza nyuma ya kaunta. Kwa hiyo uliza soketi ipi haishirikiani na oveni wala mashine ya kahawa, uweke vifaa vyote vya sauti kwenye saketi hiyo moja. Taa ziende nyingine. Sauti yote ikiwa saketi moja, mvumo wa ethi hupungua.

Mvumo ukibaki, tofautisha. Ukigeuka na gitaa mwili mzima mvumo ukapanda na kushuka, chanzo ni taa za neoni za bia au dima ya taa, na pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja ndizo zinazozinasa. Simama pembe nyingine au omba neoni ya karibu izimwe. Usipobadilika, ni ethi au kebo. Usikate pini ya tatu ya plagi, wala kuiziba kwa adapta. Midomo ikishtuka kidogo inapogusa maikrofoni huku mikono iko kwenye nyuzi, wimbo usimame hapo hapo na soketi ipimwe.

Maikrofoni ikipiga mluzi, si kosa la miksa kila mara. SM58 haisikii sana nyuma yake kabisa, kwa hiyo spika ya mwimbaji ikae sakafuni mbele yake ikiutazama mkia wa maikrofoni. Akifunika kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, anaigeuza isikie kila upande, na mluzi unaanza. Kata sauti nene chini ya hezi 100 kwenye kila chaneli ya kuimba.

Saa 3 usiku hadi saa 7 ni awamu nne, nyimbo 12 kila moja, jumla 48. Awamu ya kwanza watu bado wanakula. Nyimbo za kati, sauti ya chini. Ya pili na ya tatu ni za kucheza, mbili za haraka kisha moja ya polepole, na kaskazini waltz na polka zisikosekane hata kama bendi ni ya roki. Ya nne ni ya wachache na walevi. Zile ngumu zisiwekwe huko, kwa kuwa sauti ya mwimbaji aliyeamka saa 11 alfajiri imekwisha. Hii ndiyo sababu ya kushusha gitaa nusu toni. Mwanamume wa miaka 45 hafikii noti alizofikia na miaka 22, na wasikilizaji hawatambui tofauti.

Malipo: baa ikitoa dola 400 kwa wanne, ni 100 kila mmoja kabla ya petroli na nyuzi. Kuanzia mlango wa nyumbani hadi kurudi ni saa 9. Bia ya bure isihesabiwe kuwa mshahara. Leseni ya nyimbo za watu wengine, inayotolewa na ASCAP na BMI, vyombo vinavyokusanya haki za watunzi, ni juu ya mwenye baa, si bendi. Fedha taslimu nazo ni kipato kwa mamlaka ya kodi; kwa aliyejiajiri, faida ikifika dola 400 kwa mwaka kuna kodi ya asilimia 15.3 juu ya ile ya mapato, hivyo daftari la maili na risiti za nyuzi likae ndani ya kesi.

Ufungaji huchukua dakika 40: maikrofoni kwanza, maana hupotea, kisha kebo zikunjwe juu na chini kwa zamu zisijisokote, spika mwisho. Saa 8 usiku gari linaingia gerejini. Spika zinaweza kulala garini. Gitaa linaingizwa ndani, linawekwa kwenye korido mbali na tundu la tanuru, na kesi haifunguliwi mpaka asubuhi.